Ushauri: mtoto wa kaka yangu kashikwa kwa wizi, nitie sahihi kesi isifike kortini?

Mama Kisauni: Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Mombasa. Mtoto wa marehemu kaka yangu, miaka 15, kashikwa kwa wizi wa simu kwenye kibanda cha fundi. Nimemtoa kwa dhamana. Afisa wa watoto asema kwa kuwa ni kosa la kwanza anaweza kuepushwa na korti: amwombe radhi fundi, simu zilipwe, ahudhurie ushauri nasaha na afanye kazi za mtaa kwa muda. Ijumaa twatakiwa tutie sahihi. Nitie? Sina usingizi.

Kirumbizi: Tia, dada. Ndugu yangu aliwekwa rumande kwa kuku mmoja, akatoka mwizi kamili. Mpaka leo tunafunga milango akija.

Mzee Bakora: Watoto wa siku hizi mnawaendekeza. Radhi gani? Viboko!

Mdigo wa Tanga: Huku kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka Mahakama ya Watoto, na afisa ustawi wa jamii lazima awepo. Kenya mko vizuri kwa hilo la kuepusha kabisa. Fundi mwenyewe amekubali lakini?

Karani wa Korti: Mimi nauliza lingine. Mtoto amekiri? Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 haimruhusu anayekana kosa aingizwe kwenye mpango huo. Akiri kwa hiari, aelewe anachokubali, mlezi aridhie, na ushahidi uwepo. Anayekana, haki yake ni kusikilizwa kortini.

Mama Kisauni: Atakiri. Nishaongea naye.

Karani wa Korti: Atakiri, au amekiri?

Mama Kisauni: Yeye asema alisimama nje tu. Aliyeingia ni mwingine.

Kirumbizi: Nani?

Mama Kisauni: Mwanangu. Ana miaka 17, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo hiyo yaja. Polisi hawana habari naye. Huyu mdogo hapati hasara, ni radhi na kazi za mtaa tu. Nimemlea tangu babake afe, karo nalipa mimi. Msinione katili.

Simba Mla Nyama: Wakuu, uzi wa kutunga huu. Mara mtoto wa kaka, mara mwanangu. Afisa gani hamhoji mtoto?

Mzee Bakora: Hata mimi nilishtuka. Kesho ataleta sehemu ya pili.

Mdigo wa Tanga: Wa kutunga huandika vizuri zaidi. Huyu anaficha.

Mama Kisauni: Situngi. Alihojiwa mimi nikiwa kando yake. Alinyamaza, nikajibu mimi.

Yatima wa Likoni: Uwe wa kweli au wa kutunga, nitasema. Nililelewa kwa shangazi. Kitu kikipotea, jina la kwanza lilikuwa langu. Nilikiri mara nyingi nisichofanya, kwa sababu nilikula kwao. Kunyamaza kwa huyo mtoto si kukubali, mama. Anajua analala kwa nani.

Karani wa Korti: Mama, nisikilize. Miaka 17 bado ni mtoto kisheria, mwanao naye aweza kuombewa njia hiyohiyo. Huyu mdogo akitia sahihi kisha ashindwe kutimiza masharti, kesi inarudi kortini kwa jina lake, si la mwanao. Kabla ya Ijumaa nenda kwa afisa na wote wawili, na umwombe azungumze na huyu mdogo wewe ukiwa nje. Wakili wa bure ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ipo kwa sheria ya 2016.

Mama Kisauni: Na mtihani wa mwanangu?

Karani wa Korti: Mpango huu uliwekwa ili mtoto arekebishwe bila kupitia kortini, si kumharibia masomo. Mwambie afisa tarehe za mtihani, kazi za mtaa zipangwe pembeni.

Mama Kisauni: Mume wangu yuko safarini, arudi Jumapili. Siwezi kufanya hivi bila yeye.

Yatima wa Likoni: Mpigie simu usiku huu. Ijumaa ni keshokutwa.