Tetea mweusi, ana ndevu, anataga mayai ya kijani: ni mbegu gani?

MamaChausiku:
Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni. Nina tetea nilipewa akiwa tembe, hata kutaga hajaanza. Aliyenipa aliapa ni mbegu safi. Nikamuuliza mbegu safi ya nini? Akasema "safi tu".

Ni mweusi tii, lakini akisimama juani mgongo unang'aa kijani kama bawa la mbawakawa. Shingoni ana manyoya ya rangi ya shaba. Kidevuni kuna kijindevu cha manyoya, na mashavu yamefura kama mtu mwenye jino bovu. Upanga ni mdogo, hauna meno. Miguu ya kijivu. Sasa ameanza kutaga, na yai lina kijani kilichofifia, rangi ya zaituni. Binti yangu kampa jina Chausiku. Mimi nataka kujua ukoo wake.

Pora77:
Australorp huyo. Weusi wa kung'aa kijani haudanganyi.

BabuKizimba:
Pora, mwanangu, weusi ndio unaodanganya kuliko rangi zote. Kuku mmoja mweusi akiingia bandani, vizazi viwili tu nusu ya banda ni giza. Australorp ana upanga wima wenye meno, kidevu kitupu, miguu mitupu, na yai la kahawia. Rangi ya manyoya mimi huiangalia mwisho kabisa.

Mama Chausiku, mshike vizuri utuambie: upanga una safu ngapi? Vidole vinne au vitano? Nyayo zina rangi gani kwa chini? Kisha vunja yai moja, menya ule utando wa ndani, utazame ganda kwa ndani.

MamaChausiku:
Mchana hashikiki. Nimengoja akapanda kulala, nikamtoa kwa tochi.

Upanga: safu tatu za vipele. Ya katikati imeinuka kuliko wenzake na imepinda kidogo. Vidole vinne. Nyayo nyeupe, zinaelekea pinki. Na kuna kitu sikuwahi kukiona: upande wa nje wa miguu vimejificha vijinyoya, vitano kushoto, vitatu kulia. Nimevihesabu mara mbili, yeye ananilalamikia kwa sauti ya chini.

Yai limenishangaza. Nje zaituni, ndani samawati!

BabuKizimba:
Hapo umemaliza kazi. Rangi ya samawati huingia kwenye ganda lote wakati linajengwa. Kahawia hupakwa mwishoni, juu juu. Kwa hiyo Chausiku kapewa samawati na mzazi mmoja, na kahawia na mwingine. Zikikutana macho yetu yanaona kijani.

Upanga wa vipele, ndevu, mashavu, miguu ya kijivu na yai la samawati, vyote pamoja, hivyo ni vya Ameraucana. Shaba ya shingoni, vinyoya vya miguuni na kahawia iliyokolea ni vya Marans, kuku wa Ufaransa anayesifika kwa mayai ya rangi ya chokoleti. Huyo wa pili ana upanga wenye meno, lakini upanga wa vipele ukikutana nao ndio unaoshinda. Ule kuinuka na kupinda kwa safu ya kati ndiko kunakonionyesha kuwa vipele amevirithi upande mmoja tu.

Kwa hiyo ni chotara, na si mbegu yenye jina lake. Ningekuwa wewe nisingemwita Ameraucana mbele ya mnunuzi. Na kama wazazi wake nao walikuwa machotara, hakuna jicho litakalolijua hilo.

Pora77:
Nimenyamaza, Babu. Swali moja: vifaranga wake nao watataga kijani?

BabuKizimba:
Karibu nusu ya matetea, ikiwa jogoo hana samawati. Ila kuna ujanja. Urithi wa upanga wa vipele na ule wa yai la samawati unakaa jirani sana, kwa hiyo mara nyingi husafiri pamoja. Jogoo akiwa wa upanga wenye meno, wachague vifaranga wenye vipele.

MamaChausiku:
Jogoo wangu ana meno kama msumeno, hapo sawa.

Nimempigia aliyenipa. Nikamuuliza jogoo wao alikuwaje. "Mweusi, ana manyoya miguuni." Na mama yake Chausiku? "Ah, walikuwa wengi."

Tangu juzi anaatamia mayai tisa. Nikimsogelea anajitanua kama ungo. Wakianguliwa nitahesabu panga.