Mabasi ya Kampala: nani alipe, nani aachie barabara?

Mkaazi wa Bweyogerere (mwenye mada)

Wadau habari zenu, naleta hili tulijadili bila matusi. Kila mwaka tunaambiwa mabasi yanakuja, mara ya umeme ya kiwanda cha Kiira kutoka Jinja, mara mwendokasi kama ya Dar, na kila asubuhi tuko palepale Banda kwenye jamu, kamunye (hizi teksi zetu, daladala ndogo) ya watu 14 haisogei. Wengi wanasema shida ni barabara nyembamba. Mimi nabisha. Shida ni kwamba hapa kila mtu anapenda KUNUNUA basi, kukata utepe na kupiga picha, lakini hakuna anayetaka kulipia kuliendesha basi lenyewe mwaka wa pili na wa tatu.

Angalieni yaliyotokea. 2012 Pioneer Easy Bus walishusha mabasi 100 mjini, watu tukafurahi. Mwisho wa 2013 URA, watu wa kodi wa serikali, wakayashika kwa deni la kodi. Yaani serikali hiyohiyo inayosema mji unataka mabasi ndio inayoyafungia, na hata kama isingeyafungia, basi lenyewe linakaa jamu moja na teksi na gari la mheshimiwa, linapiga safari chache kwa siku, nauli haiwezi kupanda maana teksi ziko pembeni, mkopo wa benki nao haungoji. Hapo hata ungeleta mjerumani aendeshe kampuni angefilisika.

Pendekezo langu. Tuanze na njia moja tu, Jinja Road, kutoka Bweyogerere mpaka mjini. Upande mmoja uwekewe vizuizi uwe wa magari ya abiria peke yake. Lagos walifanya hivyo 2008, kilomita 22, wakatumia barabara ileile iliyokuwepo bila kungoja madaraja. Halafu pesa ya kuendesha itoke kwa wenye magari binafsi wanaoingia katikati ya mji saa za asubuhi na jioni, pamoja na maegesho. Msiniambie Waganda hawawezi kulipia barabara, ile ya Entebbe ya mkopo wa China tangu Januari 2022 gari dogo linalipa 5,000 kwa safari nzima na watu wanalipa. London tangu 2003 gari likiingia katikati ya mji linalipa na sheria inasema pesa hiyo iende kwenye usafiri. Karibuni mnipinge.

Konda wa zamani

Ssebo umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu anayekaa kiti cha dirishani. Mimi nimefanya kazi ya teksi miaka mingi, nikuambie teksi inavyoishi. Dereva asubuhi anaanza na deni, hesabu ya mwenye gari lazima ifike jioni, mafuta yake, pesa ya steji, trafiki naye mnamjua. Ndio maana hatutoki paki, kituo kikuu cha teksi, mpaka gari lijae, ndio maana mvua ikinyesha nauli inapanda, sio roho mbaya, dereva anafukuzia hesabu. KCCA, mamlaka ya jiji, walikuwa wanakusanya 120,000 kwa mwezi kwa kila teksi, niulize hiyo pesa ilijenga nini, hata choo cha maana pale paki ilikuwa shida.

Sasa unaposema upande mmoja uwe wa magari ya abiria, je teksi iko ndani au iko nje? Hilo ndio swali la maana kuliko yote na umelipita mbio. Kama teksi iko nje, umetangaza vita, na vita hiyo mji hauwezi kushinda, siku teksi zikigoma Kampala inatembea kwa miguu. Hao Lagos unaowataja, mabasi yao ya kwanza yaliendeshwa na ushirika wa chama cha madereva walewale wa danfo, teksi za kwao. Na Dar kampuni ya mwanzo iliwaingiza wenye daladala. Hapa mmewahi kutuita mezani lini? Mnatuita siku ya kutufukuza.

Kijana wa Arua

Nyinyi watu wa Kampala mnachekesha kweli. Kila lita ya petroli nayonunua Arua ina kodi zaidi ya 1,400, pesa inaenda kwenu, mnajenga madaraja ya juu pale Clock Tower, sasa mnataka tuwalipie na nauli? Mimi nikija Kampala napanda basi usiku kucha hakuna mtu ananichangia hata mia. Mama yangu akipeleka tumbaku sokoni anakodi pikipiki. Ruzuku ya mabasi ya mji mkuu ikitoka hazina ni mtu wa Yumbe na Moroto anamsaidia mtu wa Ntinda afike ofisini. Nakataa.

Mkaazi wa Bweyogerere (mwenye mada)

Kaka wa Arua, soma tena, sijasema hazina popote. Nimesema mwenye gari anayeingia mjini ndiye alipe, wewe haumo. Ila ujue kitu kimoja, tumbaku ya mama na samaki wa Panyimur vinapita kwenye jamu hiihii kabla ya kumfikia mnunuzi, na mwenye lori gharama ya kuchelewa haimezi yeye, anamkata mkulima bei. Kwa hiyo unalipa tayari, tofauti ni kwamba hupewi risiti.

Konda, teksi iko ndani. Lakini kwa sharti. Wenye teksi za njia hiyo waunde ushirika mmoja, magari yao yathaminiwe yageuke hisa, dereva apewe mshahara badala ya kufukuzia hesabu. Mfuko wa hizo pesa za wenye magari unalipa ushirika kwa kilomita zilizoendeshwa, sio kwa vichwa vilivyopakiwa. Hapo ndio utaona gari linatoka bila kujaa.

Mama wa Kalerwe

Wanaume mnaongea hisa na kilomita. Mimi nina swali la gunia. Nanunua bidhaa Kalerwe alfajiri nauza Kyaliwajjala, teksi inanibebea juu ya kiti nalipia viti viwili, boda inabeba hata matoke mikungu mitatu. Hayo mabasi yenu ya kadi na milango ya kujifunga, mzigo wa mwanamke unaingia? Basi kubwa likija konda wake anakwambia mama ngoja linalofuata, na linalofuata haliji.

Lingine, saa tatu usiku. Teksi zimepungua, nauli imepanda, unashushwa njiani gizani eti dereva anageuza gari. Kama pesa hiyo ya wenye magari itapatikana, kabla ya kununua chochote wekeni taa kwenye steji na hakikisheni gari la mwisho lina saa yake. Mengine mtapanga wenyewe.

Msafiri wa Namanve

Hamjagusa treni, nashangaa. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve ilianza Desemba 2015, ikaja ikachukuliwa na Shirika la Reli 2018, 2023 ikasimamishwa njia itengenezwe, 2024 ikarudi. Ikiwa inatembea haijui jamu ni nini. Shida ni hiyo moja, safari chache asubuhi na chache jioni, ukiikosa umeikosa. Lakini nawaonya wanaoota treni ya umeme, Addis walijenga ya mkopo wakafungua 2015, baada ya miaka michache mabehewa mengi yakalala kwa kukosa vipuri.

Wa Nansana

Mwenye mada naunga mkono lakini nani atasimamia? Sensa ya 2024 inasema Kampala inalala watu kama milioni 1.8, Wakiso, wilaya inayouzunguka mji, zaidi ya milioni 3.4. Wanaosongamana kwenye jamu wengi wanalala nje ya mipaka ya KCCA! Ukipita Banda ukafika Kireka umeshaingia Wakiso. KCCA itatoza gari la mtu wa Kira, hukohuko Wakiso, diwani wa Kira ataambiwa nini na wapiga kura wake? Bila chombo kimoja cha Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi, chenye akaunti yake, huo mfuko utaliwa kabla gari la kwanza halijawashwa.

Konda wa zamani

Huyu wa Nansana ameongea. Na mimi nijibu ya hisa. Dereva wa kawaida gari si lake, mwenye gari ndiye atapata hisa, dereva anapata nini zaidi ya ahadi ya mshahara? Mwenye mada andika hapa kwamba dereva na konda waliofanya kazi njia hiyo wanapata hisa pia, hata kidogo, nitawaambia wenzangu wa steji wakusikilize. Usipoandika, hiyo barabara hatuachii.

Mkaazi wa Bweyogerere (mwenye mada)

Naandika: dereva na konda nao wapewe. Kiasi gani, hapo ndio tubishane sasa. Mimi naanza na moja ya tano ya hisa zote. Mwenye teksi yeyote aliye humu ajitokeze apinge.