Tupeane uzoefu: matone ya presha ya macho, yanavyotiwa na yanavyopotea bure

Muuguzi wa Macho
Wakuu, salaam. Wagonjwa wengi wanalalamika dawa imegoma, kumbe inaishia shavuni. Walioko kliniki na madukani, tuweke hapa namna inavyotakiwa. Naanza na utiaji.

Nawa mikono kwa sabuni. Tazama juu, vuta kope ya chini mpaka ifanye kimfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Moja linatosha kabisa: kimfuko hicho hakibebi hata tone zima, la pili linamwagika tu. Fumba jicho taratibu, usilikaze wala kupepesa, kisha bonyeza pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili. Hapo ndipo machozi yanapopita kwenda puani. Usipopaziba, dawa inashuka kooni (ndiyo uchungu ule watu wanaousikia mdomoni) na nyingine inaingia kwenye damu.

Mfamasia wa Zamu
Asante dada. Wanaotumia timolol (mojawapo ya matone ya presha ya macho) wasipuuze kabisa hilo la kubonyeza. Dawa hiyo inapunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa. Mwenye pumu anaweza kuzidiwa kwa matone tu. Pumu au moyo unaopiga polepole, daktari ajulishwe kabla hajaandika.

Latanoprost, tone jingine la presha ya macho, ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye friza. Ikishafunguliwa inavumilia nje chini ya nyuzi 25 kwa wiki nne, lakini kwa joto la Dar au Mombasa irudishe tu kwenye friji. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Chupa ya mililita 2.5 ina matone kama 80: macho mawili, tone moja kila jioni, unavuka mwezi. Ikiisha wiki ya pili, tazama mkono unavyotia kabla ya kulaumu dawa.

Kliniki Kanda
Naongezea. Ukiwa na dawa mbili, zipishanishe dakika 5, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Mkono unaotetemeka: lala chali, egemeza kiganja kwenye paji la uso.

Na jamani, matone yenye deksamethasoni (dawa ya steroidi) yasinunuliwe kiholela kwa sababu jicho linawasha. Yanapoza haraka, ndiyo hatari yake. Yakitumika wiki kadhaa bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho, na mtoto anayetiwa hayo kwa mzio wa macho anaharibika mshipa wa fahamu wa jicho kimya kimya, bila maumivu. Uoni ukishapotea hivyo haurudi.

Fatuma
Naomba kuuliza, siku ya kliniki mgonjwa atie dawa au aache mpaka apimwe?

Muuguzi wa Macho
Atie kama kawaida, mama, na aje na chupa zake. Akiacha, kipimo kitasoma juu, daktari ataona dawa haitoshi na kumwongezea nyingine asiyoihitaji.