Roboti ya kupigana: mota zisizo na kaboni zinatetemeka, kontrola moja imeungua. Naombeni ushauri

Fundi_Chikongola: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mtwara mjini, na vijana watatu tunaunda roboti ya kupigana ya kilo 6. Tumeahidiana na jamaa wa Lindi kwamba msimu wa korosho ukiisha tunakutana. Bodi tumekata kwenye vibao vya plastiki vya kukatia mboga (mama watoto bado anaviulizia).

Nina mota mbili za ndege za rimoti, KV 1000 (yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), betri ya lipo ya seli 3 (volti 11.1), kontrola zile ESC za kuendeshea mota, za ampea 30, magurudumu ya sentimita 10 kwa mkanda wa 1 kwa 3. Nikiinyanyua, magurudumu yanazunguka safi. Nikiiweka sakafuni inatetemeka, inalia kama mbu, haiendi. Juzi nikasukuma stiki hadi mwisho, kontrola ya kushoto ikatoa moshi. Halafu hairudi nyuma kabisa. Shida ni mota au mimi?

Babu_Ligula: Mimi sijui lolote, nabangua korosho zangu nasubiri picha ya moshi.

Waya_Tatu: Mkuu, mota haina kosa. Kwenye mota ya kaboni, kaboni zenyewe ndizo zinazogeuza umeme kwenye koili. Hiyo yako kazi hiyo inafanywa na kontrola, na ili ijue sumaku ziko wapi inasikiliza volti inayorudi kwenye waya ambao kwa wakati huo haujapewa umeme. Mota ikisimama hakuna volti inayorudi, kwa hiyo inabahatisha. Gurudumu likiwa hewani inapatia. Chini kuna kilo 6, inakosea, mota inakwama na ampea zinapanda. Moshi ndio huo.

Sasa piga hesabu. 1000 mara volti 11.1 ni mizunguko 11,100 kwa dakika. Gawa kwa 3, kwa gurudumu lako inakuja karibu kilomita 70 kwa saa! Unashindana na basi la Dar? Weka gia za 1 kwa 15 ushuke hadi kilomita 14. Mota itapata mwanya wa kuzunguka kabla ya kubeba mzigo.

Fundi_Chikongola: Ahsante mkuu. Na kurudi nyuma? Nilibadilisha waya mbili kati ya tatu, sasa inarudi nyuma lakini haiendi mbele 😂

Waya_Tatu: Ndivyo ilivyo, waya zinageuza upande tu. Kontrola za ndege huzunguka upande mmoja. Tafuta za droni zenye programu ya BLHeli_S au AM32, unganisha na kompyuta, washa hali ya 3D. Hapo stiki ikiwa katikati roboti inasimama, juu mbele, chini nyuma. Na upunguze nguvu ya kuanzia.

Dada_Shangani: Mimi nabisha. Kwa roboti ya kwanza, magurudumu yapewe mota za kaboni za drili mbovu, pamoja na gia zake. Zinaanza taratibu bila kubahatisha. Hizo zisizo na kaboni weka kwenye silaha, huko zinaanza bila mzigo na spidi ndiyo inayotakiwa.

Na kabla ya yote, kaka, zima rimoti roboti ikiwa juu ya tofali. Isiposimama yenyewe, usiishushe. Lipo isishuke chini ya volti 3 kwa seli, na ndoo ya mchanga ikae karibu. Ikivimba, usiichaji tena.

Fundi_Chikongola: Mrejesho. Nimefungua drili mbovu, nikapaka rangi ya kucha kwenye shafti na kuhesabu kwa mkono: mota inazunguka mara 24, kichwa mara moja. Nimefunga mota yangu upande wa kulia kwenye gia hizo. Imeanza mara nane kati ya kumi, kama kilomita 9 kwa saa. Hizo mbili bado inashtuka kwanza. Kushoto nasubiri kontrola.

Dada_Shangani: Mbili kati ya kumi ulingoni ni nyingi, kaka.

Babu_Ligula: Picha ya moshi?