Uzi: Mliosomeshwa chuo kwa sababu ya ufaulu, mliingia mkitaka kuwa nani? Tupeane uzoefu

Mjomba wa Kimara:
Wakuu, habari za jioni. Nina mpwa wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kapata division one ya pointi tatu, yaani A zote. Jina lake limo kwenye orodha ya waliokidhi vigezo vya Samia Scholarship, ule ufadhili wa serikali kwa waliofaulu sana sayansi. Hapa Kimara tulipika pilau na majirani wakaja.

Sasa balaa. Kachaguliwa vyuo zaidi ya kimoja na inabidi athibitishe kimoja. Mama yake, yaani dada yangu, anataka udaktari na hataki kusikia kingine. Mtoto anataka kusoma mambo ya bahari na ufugaji wa samaki pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi wamenikalisha katikati kama refa.

Kwa hiyo nauliza nyie mliosomeshwa kwa vichwa vyenu, zamani au juzi: mliingia na ndoto gani, na ikawaje? Mnaojua gharama tu bila kupitia, pisheni kwanza.

Binti Tukuyu:
Shikamoo mjomba. Mimi ni wa kundi la kwanza kabisa la Samia, 2022/2023, tulikuwa mia kadhaa nchi nzima. Sasa nipo mwaka wa nne, uhandisi umeme, Mlimani.

Kwanza mpwa wako ajiandae kisaikolojia. Shuleni kwetu nilikuwa nikiongoza mpaka walimu wakanizoea. Siku ya kwanza darasani CoET, chuo cha uhandisi cha Mlimani, nikamuuliza dada niliyekaa naye alipata ngapi, akasema "tatu". Wa nyuma yetu, tatu. Nikaacha kuuliza.

Na ufadhili huu una sharti. GPA, yaani wastani wa alama zako, isishuke chini ya 3.8. Hapa Mlimani A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3. Fanya hesabu mwenyewe uone: B zikiwa nyingi umekwisha, hata kama hujapata sapu (mtihani wa marudio) hata moja. Wenzangu wa mkopo walikuwa wakipata B ya Hesabu wanaenda kunywa soda, mimi naenda kulia Mabibo hosteli. Mwaka wa kwanza nilisoma kwa woga, sikumbuki nilifurahia somo gani.

Kuhusu ndoto: nilikuja nikitaka kazi kwenye mabwawa. Ni enzi zile kila mtu anaongelea Bwawa la Nyerere, mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Nikajiona nimevaa kofia ngumu nimesimama juu ya ukuta wa zege. Halafu nikaenda mafunzo kwa vitendo mkoani, nikapangwa na mafundi wa laini. Tukafika kijiji cha mwisho wa laini, nguzo zipo, nyaya zipo, ila ikifika jioni mashine ya kusaga haina nguvu ya kuzunguka. Mama mmoja kaweka ndoo yake ya mahindi foleni tangu saa nane. Bwawa halimsaidii kitu yule mama mpaka mtu apange vizuri transfoma na urefu wa laini. Tangu siku hiyo nasomea usambazaji. Haina picha nzuri ya kupiga, lakini ndiyo ninayoitaka.

Mwache dogo asome samaki.

HKL Damu:
Napita tu. Sisi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ufadhili huo haukutuhusu, ni wa sayansi. Nilisoma kwa mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo, nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi na maisha yanaenda. Mwambieni dogo kutodaiwa ukianza kazi ni utajiri, asiuchezee.

Koti Jeupe:
Mjomba, mimi nipo Muhimbili, mwaka wa tatu wa udaktari, nasomeshwa kwa ufaulu pia. Nitasema ukweli ambao dada yako hataupenda.

Sikuuchagua udaktari. Ukipata tatu ya PCB hakuna anayekuuliza. Mchungaji alitangaza kanisani "daktari wetu" kabla sijajaza hata fomu ya maombi ya chuo. Nikabeba.

Kilichonisumbua si masomo, ni ndugu. Neno "scholarship" likifika kijijini linabadilika kuwa mshahara. Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Linaingia kwa mkupuo, kwa hiyo siku hiyo unaonekana tajiri. Baba mdogo ana paa, binamu ana ada, bibi ana dawa (ya bibi sikatai). Wanaokusomesha wamepiga hesabu ya tumbo moja. Nilikula chipsi kavu Upanga wiki nzima kwa sababu ya bati za mtu. Mjomba, wewe ndiye uzuie hili. Ongea na ukoo mapema, mtoto hawezi kuwakatalia wakubwa.

Ndoto nimeipata humuhumu ndani. Naitaka fani ya usingizi. Kila mtu anamjua daktari wa upasuaji, hakuna anayemuuliza nani alikuwa anahesabu pumzi za mgonjwa. Nimesimama chumba cha upasuaji nikimwangalia yule wa usingizi na nikasema huyu ndiye ninayetaka kuwa. Nyumbani bado wanadhani nitafungua duka la dawa.

Mzee wa Urafiki:
Wajukuu, salaam. Nyie mnapewa ufadhili kwa ushindani. Enzi zetu serikali ilitusomesha wote tuliochaguliwa, habari ya kuchangia gharama ilikuja baadaye, miaka ya 90. Ila kulikuwa na Azimio la Musoma, 1974. Ukimaliza kidato cha sita hukwenda chuo moja kwa moja. JKT kwanza, kisha kazini, ndipo uombe chuo.

Mimi niliwekwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo. Tulinung'unika sana. Lakini nilipofika Mlimani nilijua kwa nini mashine inakata uzi, nikawa namuuliza mwalimu maswali ya mtu aliyechafuka grisi. Huyo kijana wenu ameshawahi kumshika samaki zaidi ya kumla? Mpelekeni Feri, soko la samaki, alfajiri, kisha Kunduchi akae na wavuvi. Akirudi bado anataka, mwacheni.

Chang'ombe Mpya:
Shikamooni wote. Mimi naanza mwezi huu, DUCE, chuo cha ualimu cha Chang'ombe. Nina ufadhili wa taasisi moja ya watu binafsi, wanachukua wenye ufaulu wa juu. Nasomea ualimu, Fizikia na Hisabati.

Kila ninayemwambia ananitazama kama nimefiwa. "Tatu halafu ualimu?" Shule yangu ya kata, huko Mbagala ndani, Fizikia tulifundishwa na kijana wa kujitolea, alipopata ajira akaondoka tukabaki na madesa. Mimi niliponea tuisheni. Darasa lile kulikuwa na watu wananizidi akili, leo mmoja anaendesha bodaboda na ananibeba bure. Nataka kurudi kwenye shule ya namna ile. Kama kuna mwalimu humu aniambie nijiandae na nini.

Binti Tukuyu:
@Chang'ombe Mpya jiandae kusimama muda mrefu na kusahihisha usiku. Baba yangu mwalimu. Nikija Temeke nitakutafuta.

Koti Jeupe:
Mi nakupinga kidogo, dogo. Malizia shahada, kisha usome zaidi ufundishe walimu wenyewe. Mmoja kwa shule moja ni kidogo.

Chang'ombe Mpya:
Kaka, shule moja yenyewe haina.

Mjomba wa Kimara:
Nimemsomea dada uzi mzima. Ya bati za baba mdogo kacheka, ya daktari wa usingizi kanuna. Ushauri wa mzee ndio kaukubali: Jumamosi nampeleka mtoto Feri, mwisho wa kuthibitisha chuo ni Jumanne. Dada anasema anakuja na yeye, aone hao samaki wana nini.