Waliotolewa mitaa duni: ghorofa ziliwafaa wakati wa korona?

Mwenye mada: Wadau, familia iliyotoka chumba cha mabati na choo cha watu wengi, ikapewa nyumba ghorofani, halafu korona ikaikuta humo. Ilipata nafuu au mzigo?

Maji Kwanza: Nafuu, tena kubwa. Tuliambiwa tunawe kwa sabuni. Utanawaje kama maji yenyewe ni ya kupanga foleni? Tatizo ni watu wenyewe. Wanapewa nyumba, wanapangisha, wanarudi walikotoka. Wale wa Soweto Mashariki, mtaa wa Kibera, Nairobi, waliohamishiwa ghorofa za Lang'ata 2009, wangapi walibaki?

Ghorofa ya Nne: "Watu wenyewe" ndio mimi. Kule chini nilikuwa nauza mlangoni kwangu. Huku juu nani apande ngazi kuja kununua? Kafyu ikaja, kibarua kikakatika, kodi ikabaki palepale. Bomba lilikuwepo, pampu ikafa. Tukapandisha ndoo, jengo zima tukishika vyuma vilevile vya ngazi.

Mpita Njia: Lang'ata yalikuwa makazi ya muda, wakisubiri nyumba mpya Kibera. Kurudi ndiyo yalikuwa makubaliano! Na kule familia zilichangia nyumba moja, kila moja chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Ugonjwa ungewakuta humo wangejitengaje?

Maji Kwanza: Sawa, lakini dada, usinifundishe umaskini, nimekulia ndani yake. Na kuuzia ngazini kumekatazwa kwa sababu. Moto ukiwaka watapita wapi?

Ghorofa ya Nne: Nani kataja kuuzia ngazini? Nimesema mlangoni, kule chini. Soma kwanza kaka.

Mpita Njia: Hata hivyo walipewa pa kwenda. Kariobangi, hukohuko Nairobi, Mei 2020, watu walibomolewa nyumba zao kafyu ikiendelea.

Ghorofa ya Nne: Usinitulize kwa msiba wa wenzangu. Kikundi chetu cha kuchangiana kilitawanywa na kura ya kugawa nyumba, kila mtu jengo lake. Nilipougua, aliyeniwekea maji mlangoni ni jirani nisiyemjua hata jina. Hapo ndipo tulipoanza kikundi upya, watu wa ghorofa yetu peke yetu.

Mwenye mada: Kwa hiyo wangehamishwa kwa vikundi vyao?

Maji Kwanza: Kwanza pampu. Mlikuwa mnachangia matengenezo?

Ghorofa ya Nne: Kila mwezi, pamoja na kodi. Waulize waliokuwa wanapokea.