Kundi la Majirani Wema: "Kuna karatasi moja imepungua"

Dada Tatu: Shikamooni wakubwa. Wengine habari za jioni. Maombi ya hati yakirudishwa na ofisi yakiwa na maandishi ya penseli pembeni "majina hayalandani", hapo kosa huwa ni herufi tu au kuna kubwa zaidi?

Mzee Shabani: Marahaba mwanangu. Herufi moja inatosha. Karani analaza vyeti viwili ubavu kwa ubavu, anapitisha kidole. Kimoja kina Mohamed, kingine Mohammed, basi kwake hao ni watu wawili. Hana ugomvi na mtu. Akipitisha halafu ikaja kuonekana ni watu wawili kweli, sahihi iliyo kwenye rejesta ni yake.

Kaka Idi: Mpangilio nao. Mwenye majina matatu akikutana na fomu ya visanduku viwili, leo anaweka la kati kwenye "ukoo", kesho anaweka la mwisho. Baada ya miaka kumi mtu mmoja yupo mara tatu kwenye mifumo 😅

Bi Zainabu: Na wenye Ng' ndo usiseme

Kaka Idi: Bi Zai umegusa penyewe. Ile ritifaa (alama ya ') mifumo mingine inaikataa, mingine inaigeuza vijidudu. Hata pasipoti: ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44, inakubali A hadi Z, tarakimu na alama ya <. Basi. Ritifaa inadondoshwa, kwa hiyo juu jina lina Ng' na chini limekuwa NG tupu. Tiketi ya ndege ikatwe kwa maandishi ya chini.

Dada Tatu: Sasa ukishaiona tofauti, unarekebisha wapi kwanza?

Mama Rehema: Inategemea kosa liko wapi. Kama cheti cha kuzaliwa ndicho kimekosewa, anza nacho, halafu shuka kama maji: kitambulisho, pasipoti, ndipo benki, leseni, bima. Wengi wanaanza na benki kwa sababu foleni ni fupi. Wakifika juu, jina linatoka tofauti na walivyodhani, na vyote vya chini vinarudiwa.

Kama vyote viko sawa ila kimoja, rekebisha hicho kimoja. Usiuguse mzizi ulio mzima.

Mama Rehema: Hati ya kiapo nayo ina namna yake. Taja kila jina jinsi lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na namba ya cheti lilipo. Kiapo kinachosema tu "majina hayo yote ni ya mtu mmoja" bila kuyataja, karani hana cha kulinganisha, atakurudishia. Na kiapo kinaeleza tofauti, hakibadilishi cheti. Ofisi ya pili itakuuliza tena.

Dada Tatu: Asante Mama Rehema. Na "nakala iliyothibitishwa" ni fotokopi yenye mhuri tu, si ndiyo?

Mzee Shabani: Mhuri peke yake haufiki popote. Anayethibitisha aione asili kwa macho yake, kisha aandike juu ya nakala kwamba ni nakala sahihi ya asili, atie sahihi, jina kwa herufi zinazosomeka, cheo, tarehe, ndipo mhuri. Kinachoangusha wengi ni jina. Sahihi ipo, mhuri upo, lakini hakuna anayejua nani kasaini.

Na mhuri usikae juu ya namba ya cheti. Wino ule ukishapigwa fotokopi ya pili unageuka weusi, namba inazama.

Kaka Idi: Zenye kurasa nyingi USITOE PINI. Watu wanazichomoa ili karatasi ziingie kwenye skana, halafu wanazibana upya. Matundu mawili ya zamani yanabaki pembeni ya pini mpya, na afisa anayejua kazi yake anatazama hapohapo. Kwake hiyo ina maana ukurasa unaweza kuwa umebadilishwa. Piga picha kwa simu bila kuzichomoa, kunja tu kona.

Bi Zainabu: 😳 Kumbe matundu ya pini yanasomwa

Mzee Shabani: Yanasomwa sana.

Mwalimu Hamisi: Kwa hati za kwenda nchi nyingine kuna apostili, cheti kinachoambatishwa kwenye hati. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulikuja kukata msururu wa mihuri: badala ya wizara, kisha wizara nyingine, kisha ubalozi, cheti kimoja kinatosha kati ya nchi zilizojiunga. Ni mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, vipengele 10 vyenye namba, na kichwa chake ni cha Kifaransa kila mahali: "Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)". Kichwa kikikosekana, ujue kuna walakini.

Mwalimu Hamisi: Halafu watu wanaielewa vibaya. Inathibitisha sahihi, cheo cha aliyesaini na mhuri. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni ya kweli. Nchi moja ikiwa nje ya mkataba, unarudi kwenye msururu wa zamani.

Dada Tatu: Mimi kinachonichosha ni hizi karatasi za "isizidi miezi mitatu". Mtu amezaliwa mara moja, cheti cha kuzaliwa kinachachaje?

Bi Zainabu: 😂😂 kinachacha

Mama Rehema: Kilichozeeka si kuzaliwa, ni daftari. Mahali ambapo ndoa, talaka au kubadili jina huandikwa pembeni ya daftari la uzazi, wanataka dondoo jipya wajue hakuna kilichoongezwa. Hapo nawaelewa. Ila mahali ambapo daftari haliandikwi chochote baadaye, kanuni hiyo imenakiliwa tu kutoka kwingine, na kweli haina kichwa wala miguu.

Ila ukiipinga dirishani utapoteza siku. Ipangie. Kwa kila karatasi andika mambo mawili: inachukua siku ngapi kutoka, na inaishi siku ngapi. Tuseme ya kwanza inatoka kwa siku 60 na haina kikomo. Ya pili inatoka kwa siku 21, inaishi 90. Ya tatu inatoka kwa siku 2, inaishi 90. Wengi wanakimbilia ya siku 2 ili wajisikie wameanza. Ile ya siku 60 ikitoka, ile nyingine imebakiwa na siku 32 hivi, na ofisi haijaanza hata kusoma. Inafia jaladani, unaitwa ulete mpya.

Omba ya kwanza leo. Ya pili iombe siku ya 39, ya tatu siku ya 58. Zote zinakutana siku ya 60 zikiwa mbichi. Ukijua ofisi inayotoa ile ya siku 60 huchelewa, mbili za mwisho ziombe wiki moja baadaye. Afadhali ya siku 60 ikusubirie kabatini kuliko hizo mbili.

Mzee Shabani: Na uliza swali ambalo watu hawaulizi: umri wa karatasi unahesabiwa mpaka siku ya kupokelewa au siku ya uamuzi? Ni mambo mawili tofauti kabisa. Kama ni siku ya uamuzi, hesabu ya Mama Rehema iongezee muda wao wa kushughulikia.

Kaka Idi: Za mtandaoni ni dirisha lilelile, limebadilika sura tu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, ghafi yake, kabla haijabanwa, inafika megabaiti 26. Mfumo unataka kilobaiti 200. Shusha kwanza hadi nukta 150, weka rangi ya kijivu, ndipo uhifadhi kama JPEG au PDF. Usibane ile kubwa mpaka maandishi yanakuwa ukungu, afisa atasema haisomeki.

Jina la faili liwe fupi, bila nafasi, bila ritifaa, bila mkwaju (/). "cheti_kuzaliwa.pdf" basi. Simu nyingine huhifadhi picha kwa HEIC, aina ya faili isiyo JPEG, na mfumo unaikataa bila kusema kwa nini. Na majibu marefu andika kwingine kwanza, halafu ubandike. Ukurasa ukikaa kimya muda mfupi tu unakutoa, na kila ulichojaza kinakwenda na maji.

Dada Tatu: Picha je? "Vipimo si sahihi" hata ikipigwa studio.

Kaka Idi: Ya milimita 35 kwa 45, kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531. Kosa kubwa ni kuivuta. Mtu ana picha ya mraba, anainyoosha ifike urefu huo, uso unakuwa kama tango. Ikate, usiivute. Na kivuli nyuma ya masikio kinafanya ikataliwe hata kama vipimo viko sawa. Simama mbali kidogo na ukuta.

Bi Zainabu: Nami niulize. Kwa nini ukienda mara tatu unaambiwa kitu kipya mara zote tatu? Si waseme vyote mara ya kwanza!

Mzee Shabani: Kwa sababu anaacha kusoma akifika kosa la kwanza. Kwake kazi imeisha hapo: imerudishwa. Makosa ya ukurasa wa tatu hajayaona. Wewe unatibu la kwanza, unarudi, anafika la pili. Dawa ni kumwomba kwa heshima: "Naomba uisome mpaka mwisho, uniandikie vyote vinavyopungua." Neno lenye nguvu hapo ni *uniandikie*. Cha mdomo kesho hakipo, na kesho dirishani yuko mwingine.

Mama Rehema: Na kama anadai kitu kisicho kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, muulize kipo kwenye kanuni ipi. Kwa upole kabisa. Nusu ya yanayodaiwa madirishani ni mazoea. Siku moja mtu mmoja alileta cheti bandia, ikaongezwa karatasi ya ziada, na hakuna aliyewahi kuiondoa. Anayeongeza sharti hasumbuliwi na mtu. Anayelifuta, likitokea jambo, ndiye ataulizwa.

Mwalimu Hamisi: Ndiyo maana dawa ya kweli haipo dirishani. Estonia wana mfumo unaoitwa X-Road tangu 2001, kanzidata za serikali zinaulizana zenyewe, na sheria yao inakataza kuanzisha kanzidata mpya ya kukusanya taarifa ambazo tayari zipo kwenye nyingine. Mwananchi si tarishi wa ofisi mbili.

Bi Zainabu: Sisi ndio tarishi, tena wa kujilipia nauli

Dada Tatu: Na ule mduara? Benki inataka uthibitisho wa makazi, uthibitisho wa makazi unataka barua ya benki.

Mama Rehema: Mduara una mlango kila mara, ila haubandikwi ukutani. Usiulize "barua ya benki inahitajika?" Watasema ndiyo. Uliza: "Asiye na barua ya benki anatumia nini?" Utasikia mkataba wa pango, barua ya mwajiri, au kiapo. Uliza pande zote mbili, upande mmoja ndio utalegea.

Mzee Shabani: Ukishakabidhi, usiondoke mkono mtupu. Beba nakala yako, waigonge mhuri wa kupokea wenye tarehe, na namba ya kumbukumbu. Ukija kuambiwa jalada halionekani, jua kwamba mara nyingi halijapotea. Limetoka masjala na liko juu ya meza ya mtu. Usiulize "jalada langu liko wapi". Uliza "rejesta inaonyesha limetoka lini, kwa nani". Bila namba, karani afukunyue kwa jina, na jina ndilo lile lenye herufi mbili tofauti 🙂

Dada Tatu: Kesho asubuhi naenda nayo yote. Admini naomba ujumbe wa siku 60 ubandikwe juu.

Kaka Idi: Umeshabandikwa. Nenda na kalamu yako.

Dada Tatu: Si ipo pale dirishani? Imefungwa kwa kamba.

Bi Zainabu: Kamba wanabadilisha, wino hawabadilishi.